Mikungu Mitatu Kutoka Kalinzi

Mwaka 2005 barabara ya kutoka Mwandiga kwenda Manyovu, mkoani Kigoma, ilikuwa bado ya vumbi, na mimi na rafiki zangu wawili, Bahati na Shabani, tulipoamua kuipanda kwa baiskeli hadi Kalinzi hatukuwa na shughuli yoyote huko. Jambo hilo peke yake lilitosha kuwashangaza watu. Katika milima ile baiskeli ni chombo cha kazi: huteremka na maharage na ndizi, hupanda na dagaa, mawese na chumvi ya Uvinza, na mwenye nayo huisukuma zaidi ya anavyoipanda. Kijana anayekwenda mlimani na keria tupu hudhaniwa kuwa ama amepata habari za msiba, ama anafuata deni lake. Pale Bitale, mama mmoja aliyekuwa akipeta maharage kando ya njia alituuliza tunakwenda kwa nani. Shabani alipomjibu kwamba tunatembea tu, alisimamisha ungo mkononi, akatutazama mmoja mmoja, kisha akatutakia safari njema kwa sauti ambayo kwa kawaida hutumiwa kumpa mtu pole.

Tulikuwa tumeondoka Mwanga, mjini Kigoma, kabla ya jua kuchomoza, tukapita Gungu kungali na ubaridi. Baiskeli zetu zote zilikuwa Phoenix nyeusi, zisizo na gia, zenye breki za vyuma. Hadi Mwandiga tulikwenda kwa mbwembwe, Bahati akipiga kengele hata pasipokuwa na mtu wa kupishwa. Baada ya hapo mlima ukaanza kutudai.

Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na Kalinzi iko kwenye mita 1,500 hivi, lakini siku ile tulizisoma tarakimu hizo kwa miguu na kwa mazao. Kule chini njia ilizungukwa na michikichi, na mbele ya baadhi ya nyumba mapipa ya kuchemshia mise, yaani matunda ya mchikichi, yalikuwa yamekwisha kuinjikwa. Kadiri tulivyopanda, michikichi ilipungua, ikawa mmoja mmoja, tena myembamba. Mahali pake pakashikwa na migomba, na chini ya kivuli cha migomba tukaanza kuiona mibuni, ambayo mwezi ule wa Juni ilikuwa imeiva, matunda mekundu yamebanana kwenye matawi. Shabani, mtoto wa Ujiji aliyezoea kuiona kahawa ndani ya kikombe, alishuka akatafuna tunda moja, akashangaa kukuta ganda lake lina utamu.

Kushuka kwenye baiskeli, kwa kweli, hakukuwa habari ya kushangaza tena wakati huo, kwa sababu karibu nusu ya mpando tuliutembea. Mtu anayesimulia kwamba aliupanda mlima ule wote akiwa amekaa kwenye siti ya Phoenix, mimi humsikiliza kwa adabu tu.

Shabani alikuwa ametuahidi kwamba tukifika juu tutaliona ziwa lote hadi Kongo. Hatukuliona. Kati ya Kalinzi na ziwa imesimama safu nyingine ya milima, ile ambayo mteremko wake wa magharibi ni Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na tulichokiona sisi kilikuwa migongo ya milima na moshi wa majiko ya watu. Tulikula ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika kibanda cha mama ntilie, tukanywa maji mengi, tukageuza.

Hapo ndipo tulipomkuta mzee mmoja akifunga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli yake kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akazitazama keria zetu na kuuliza iwapo tunateremka hadi Mwandiga. Tulipokubali, alisema kwamba baiskeli tatu kuteremka tupu ni hasara, na bila kusubiri jibu akaenda uani na kurudi na mikungu mingine mitatu. Alifunga kila mmoja mwenyewe, mkungu umelala, kitako chake mbele, na majani makavu ya mgomba yamewekwa kila mahali ambapo chuma kingegusa ndizi. Kabla ya kuondoka alizikagua raba za breki zetu, akazibonyeza kwa kidole gumba, na kutuonya kwamba zikibanwa mfululizo zitalika zote kabla ya Bitale.

Yeye mwenyewe karibu hakuzitumia. Alivaa katambuga, viatu vya mpira wa tairi, na kwenye mteremko wa wastani alikuwa akiurudisha mguu wa kulia nyuma, chini ya siti, akaukandamiza wayo wa kiatu juu ya tairi la nyuma, akauachia, akaukandamiza tena, kwa utulivu wa mtu anayekanyaga cherehani. Penye mteremko mkali alishuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, akaegemea nyuma na kuizuia baiskeli kwa uzito wa mwili wake. Bahati alimwigiza kila hatua. Mimi niliigiza penye mteremko mkali tu. Shabani alishika breki tangu mwanzo hadi raba zikaanza kunuka, na katika kona moja iliyojaa kokoto baiskeli yake ilimponyoka ikalalia ubavu wa mkungu.

Mwandiga tulifika jua likielekea kuzama. Mzee alifungua mizigo, akaigeuza mikungu mmoja baada ya mwingine, akipapasa kila chane kwa kutafuta michubuko. Wangu aliuweka kando kimya. Wa Shabani aliutazama kwa muda mrefu, akamwuliza kama ameumia popote, na aliposikia kwamba hakuumia akasema basi ndizi ndizo zilizoumia. Kutoka mkungu wa Bahati alikata chane moja nzima, akampa, akatushukuru sote, akaenda kutafuta wanunuzi. Shabani alidai kwamba chane ile ilikuwa yetu sote watatu, na Bahati alikuwa bado anamkatalia tulipoingia Gungu.