Umetulia, au umenuna?

Leo siku ya tano, na maneno matatu ya Bibi bado yananitembea kichwani.

Nina mto mweusi wa duara ninaoukalia nikifanya zazeni, yaani kule kukaa kimya na kutafakari kwa Zeni, njia mojawapo ya Wabudha. Siku ile nilishaswali Alfajiri, nikajifungia chumba cha uani, nikaukabili ukuta, macho nusu, vidole gumba vimegusana, kama alivyonielekeza yule mgeni wa Kijapani enzi zangu za hoteli kule Paje. Dakika 40, hiyo ndiyo hesabu yangu. Ilipofika ya 12 watoto wa dada wakaanza kugombania ndoo. Nikavumilia. Ndoo ikaanguka. Nikafungua mlango kwa kishindo: "Nyamazeni! Hamuoni watu wametulia?"

Bibi alikuwa kibarazani, sinia la karafuu mapajani, anachambua. Hakuinua hata uso. Konyo huku, karafuu huku.

"Umetulia, au umenuna?"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikajibu kwamba zazeni inataka ukimya. Jibu gani hilo! Tangu hapo natunga mengine. Nimetunga kwenye gari ya Wete, nimetunga nikikoga, nimetunga kwenye nikaha ya binamu Jumapili, na kwenye kikao tulipoambiwa ofisi inahamia Chake. Yote Bibi wa kichwani mwangu anayavunja, tena bila kuacha kuchambua. Kuchekwa nimezoea. Kinachoniuma ni kwamba hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza vile vile anavyouliza kama nimekula.

Juzi akanituma nikalinde majamvi, mbingu haiaminiki siku hizi. Karafuu zilikuwa na siku ya tatu juani, zimeshageuka kahawia. Zikilowa hapo bei imekwenda. Nikachutama, nikawa nazipindua kwa kiganja, na kila nikizipindua harufu inanipanda mpaka machoni. Jua la saa sita. Ndipo nikamkumbuka yule mpishi wa kisa cha Dogen, mtawa wa Zeni wa Kijapani.

Dogen alivuka bahari mwaka 1223, kutoka Japani kwenda China, kuitafuta Zeni kwa wenyewe. Huko monasterini akamkuta mpishi, mzee wa miaka 68, anaanika uyoga kwenye jua linalochoma, hana kofia. Akamuuliza, mbona kazi hii humpi mtu mwengine? Mzee akamjibu kuwa mwengine siye yeye. Basi si ungoje jua lipungue? Nao huo wakati wa kungojea, akasema mzee, ni upi?

Kisa hicho nimekisoma sijui mara ngapi. Nimekipigia mstari kwa kalamu nyekundu, ndani ya chumba kilichofungwa, na Bibi anaanika nje ya dirisha langu.

Basi nikafurahi! Nikajiambia, ahaa, hii ndiyo zazeni yenyewe, ule mto nitampa paka. Nikanyoosha mgongo, nikashusha macho, nikawa napindua karafuu polepole kama mtu anayepigwa picha.

"Wewe! Mvua hiyo!"

Na kweli ilikuwa imeshafika, matone makubwa makubwa, wala sikuwa nimeiona. Tukaburura majamvi mbio, mimi, dada, watoto, Bibi mwenyewe kashika pembe moja na kanga menoni. Jamvi la mwisho lililowa. Hilo limeshasemwa vya kutosha hapa nyumbani, sina haja ya kulisema na huku.

Jana nimekaa tena kwenye mto. Mlango nimeuacha wazi. Ndoo imeanguka mara mbili, na mtoto mmoja amekuja kuniuliza ukutani pana nini. Dakika sikuhesabu. Naam, nilihesabu, lakini nilipotelea kwenye 20 na kitu.