Kadi 36 Mezani

Mtihani wa AP wa historia ya Marekani, ule wa kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, ulikuwa Ijumaa, mwezi wa tano. Alhamisi usiku, jikoni kwetu Louisville, Kentucky, nilikata maboksi ya nafaka za kifungua kinywa nikapata kadi 36, moja kwa kila mwaka kuanzia 1945 hadi 1980, nikazipanga mezani kwa mfuatano. Dada, aliyefanya mtihani huohuo miaka miwili kabla yangu, aliokota ile ya 1947.

"Hii imeletwa na nini?"

Nilikuwa nimeandika "Rais Truman, dola milioni 400 za msaada, Ugiriki na Uturuki". Nilichokosa ni kwamba Uingereza, iliyochoshwa na vita, ilikuwa imeiarifu Marekani kuwa haiwezi tena kuzibeba nchi hizo mbili. Wengi huchanganya hapo. Ombi la Truman la Machi 12 lilihusu Ugiriki na Uturuki. Mpango wa Marshall, ulioanza 1948, ulimwaga takriban dola bilioni 13 Ulaya Magharibi ili njaa na ukosefu wa kazi visiwasukume watu kwenye vyama vya kikomunisti.

Akazikusanya kadi zote, akazipanga upya kwa safu tatu: Vita Baridi, haki za raia, uchumi na makazi. Safu hazikulingana. Miaka ya 1964 na 1965 ilihitaji kadi nne za nyongeza, kwa sababu Sheria ya Haki za Raia (ajira, hoteli, mikahawa) si Sheria ya Haki ya Kupiga Kura (majaribio ya kusoma na kuandika yaliyotumiwa kuwazuia watu weusi wasijiandikishe), na anayezichanganya hupoteza alama za bure.

Kadi ya 1957 ilimkwamisha hata yeye. Septemba, Rais Eisenhower alipeleka wanajeshi Little Rock, Arkansas, ili wanafunzi tisa weusi waingie shuleni. Oktoba 4, Wasovieti wakarusha satelaiti ya Sputnik. Safu ipi? Mwishowe aliiweka katikati ya safu mbili. Picha za Little Rock zilikuwa zawadi kwa magazeti ya Moscow, na kabla ya hapo, Desemba 1952, Wizara ya Sheria ilikuwa imeiandikia Mahakama ya Juu katika kesi ya Brown, iliyopinga ubaguzi wa rangi shuleni, kwamba ubaguzi unawapa Wakomunisti cha kusema dhidi ya Marekani. Nilikuwa nimekariri Brown, Mei 17, 1954, bila kujua kwamba Vita Baridi viliingia hata mahakamani.

Safu ya makazi ndiyo iliyoniuma, na hadi leo naiona kama mlango wa kipindi kizima. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi vitani karo na dhamana ya mkopo wa nyumba. Lakini fedha zilitoka benki, na benki zilikwepa mitaa ya watu weusi, ile iliyopakwa rangi nyekundu kwenye ramani kama mitaa hatari kwa mikopo. Levittown, New York, mtaa mpya wa nyumba ulioanza kujengwa 1947, uliwafungia nje weusi kwa maandishi ya mkataba. Ndiyo maana swali la ustawi wa miaka ya hamsini haliishii kwenye magari na friji.

Saa tano usiku tukageukia insha ya nyaraka: nyaraka 7, saa moja, dakika 15 kati ya hizo ni za kusoma. Kosa langu lilikuwa kufupisha waraka wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa saba. Dada alinitaka nizigawe kwanza katika makundi mawili au matatu, niandike hoja yangu kwa sentensi moja, na pembeni mwa kila waraka niweke nani aliandika, kwa nani, kwa nini. Halafu niongeze ushahidi mmoja usiomo kwenye nyaraka. Jaribio la pili lilikwisha zikiwa zimebaki dakika tatu.

Mama alirudi kutoka kazini alfajiri, kadi zikiwa bado mezani. Akaishika ya mwisho.

"Na hii 1980?"

"Sheria ya Wakimbizi, Mama. Carter aliitia saini Machi 17."

"Ile tuliyokuja nayo?"

"Hiyohiyo."

Akavuta kiti, akaniambia nimsomee, naye akiwa bado hajavua koti.