Siku moja maishani mwangu: napima pua za watoto

Saa 12:00 asubuhi. Naoga kwa sabuni isiyo na manukato, sipaki lotion wala sijipulizii chochote. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya masikio, pua na koo hapa Dar es Salaam, na leo ni zamu yangu ya kupima kama watoto wanasikia harufu. Ukija unanukia udi siku kama hii, umeharibu kazi kabla hujaanza.

Saa 1:30. Madirisha yote wazi. Siku ya vipimo chumba kinapigwa deki kwa maji matupu. Mtu wa usafi alinuna mwanzoni, sasa tumezoeana. Naandaa vichupa 12 vya kahawia, pamba ndani ya kila kimoja: kahawa, ganda la chungwa, kitunguu, dagaa, ndizi mbivu, karafuu, iliki, sabuni ya kufulia na vinginevyo. Vya chakula nabadilisha kila asubuhi.

Vipo vipimo vya kununua. Kile maarufu cha harufu 40, alichokitoa Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1984, kina hadi soda ya Kimarekani iitwayo root beer. Mtoto wa Mbagala akikosa hapo, umempima pua au umempima safari? Vichupa vyetu navyo havina viwango vya kulinganishia, kwa hiyo navitumia kuchuja tu nani anahitaji uchunguzi zaidi.

Saa 2:30. "Shikamoo anti." Ana miaka 5. Kabla ya kunusa chochote namwonyesha picha anitajie. Picha asiyoijua naitoa, maana sipimi msamiati. Kisha namletea kichupa cha kwanza, naye anakipuliza kama anazima mshumaa. Wengi wa umri huu hupuliza, kwa hiyo tunafanya mazoezi kwanza na ua la asmini.

Kahawa ikafika. Akatabasamu: "Babu!" Kati ya picha nne akagusa kikombe. Nasubiri kama nusu dakika pua ipumzike, ndipo tunaendelea. Wa miaka 3 siwapi alama kabisa; hao wanachoka haraka, na wengine wanachagua picha nzuri tu.

Saa 4:00. Foleni. Mmoja anakoroma usiku, analala mdomo wazi, sauti ya puani: nyama za puani. Hewa haifiki juu kwenye neva za harufu, basi anamwona daktari kwanza. Mwingine tundu moja tu la pua linatoa usaha unaonuka. Huyo hata vichupa sikumfungulia. Daktari akachomoa kipande cha sponji ya godoro.

Saa 7:00. Wali maharage, nje, mbali na chumba. Nanawa mikono mara mbili.

Saa 8:00. Mvulana wa miaka 9. Amepata 3 kati ya 12, na kwa picha nne hiyo ndiyo alama ya kubahatisha. Mama anabisha: "Sista, mbona Vicks anaisikia?" Anaisikia kweli, ila ule ubaridi unapita kwenye neva nyingine, ile ya hisia za uso, inayohisi pia muwasho. Ndiyo maana haumo kwenye vichupa vyangu. Mtoto mwenyewe anasema yuko sawa. Aliyezaliwa hivyo hana cha kulinganisha.

Daktari ameandika MRI, yaani picha za ndani ya kichwa, na rufaa kwa mtaalamu wa homoni. Kuna hali, aliyoieleza Franz Josef Kallmann mwaka 1944, ambapo kutosikia harufu huandamana na kuchelewa kubalehe, na ni vizuri ijulikane mapema.

Mama alikuwa na wasiwasi mwingine: jikoni wanatumia gesi. Ile harufu huongezwa makusudi ili ikivuja watu washtuke, na huyu hatashtuka. Nikamwambia mtungi ufungwe kila baada ya kupika, mtoto asiwashe jiko peke yake, na maziwa yaliyolala mtu mwingine ayanuse kwanza.

"Mdogo wangu ataninusia," akasema kijana.

"Mdogo wako mwenyewe kila siku ana mafua," mama akamjibu, wakaenda kutafuta dirisha la bima.