Asubuhi ya kufagia uwanja

Shuleni kwetu Mbagala kila darasa lilikuwa na eneo lake la usafi asubuhi, na sisi tulipewa pale mbele ya mlingoti wa bendera, mchanga mtupu. Mwenye pumu anaelewa. Mafagio ya chelewa karibu thelathini yanakwenda kwa mpigo, halafu mwezi wa saba, kaubaridi, na nyuma ya ukuta kuna watu wanachoma taka.

Ilikuwa 2009, niko form two. Usiku wake sikulala, nilikaa nimeegemea ukuta nakohoa kile kikohozi kikavu cha saa tisa usiku, ambacho mpaka leo nikikisikia kwa mtoto wa mtu nageuka. Mama akanipa tangawizi na asali. Inhela, kile kidude cha kuvutia dawa ya pumu, ilikuwepo, ile ya bluu, ila kaifungia kabatini maana jirani alimwambia ukimzoesha mtoto hiyo kitu mapafu yanalemaa. Simlaumu, mtaa mzima uliamini hivyo, hata mimi.

Basi tukaanza kufagia, nimevuta kola ya shati mpaka puani. Muda si mrefu kifua kikabana. Watu wanadhani pumu ni hewa kutoingia, kumbe kuitoa ndo kazi, unavuta ya pili ya kwanza bado haijatoka, kifua kimejaa na bado una kiu ya hewa, huku kinapiga filimbi. Nikamwomba mwalimu wa zamu nikae pembeni. Akasema, "Wewe kila siku ya usafi unaumwa, rudi." Nikarudi. Hilo ndo linaniuma mpaka leo, kwamba nilirudi.

Mwenzangu wa dawati ndo aligundua siwezi kumaliza sentensi, nataka kusema naomba maji inatoka "nao... mba..." Akatupa fagio akapiga ukunga. Baada ya hapo nakumbuka vipande tu, bajaji, foleni ya barabara ya Kilwa, mwalimu yule yule kanishika mgongo anasema kaa wima mwanangu, kaa wima, macho yake hayatoki kwenye midomo yangu.

Hospitali wakanivalisha maski ya nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, ule mvuke ukaingia ukaingia, mpaka nikasikia kitu kimeachia kifuani, nikalia.

Mama akafika na ndala zisizofanana. Nesi akamuuliza inhela ya mtoto iko wapi, mama akaitoa kwenye pochi, bado iko kwenye boksi lake. Nesi hakumfokea. Akamwambia, "Mama, hii haimlemazi, inafungua njia za hewa zilizobana. Sasa ikikaa kabatini inamsaidia nani?" Akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako kitoshe mdomo wa inhela, akanielekeza toa hewa kwanza, weka chupa mdomoni, bonyeza mara moja, vuta taratibu, zuia pumzi, hesabu mpaka kumi. Daktari akaandika na nyingine ya kuvuta kila siku hata nikiwa mzima, ya kuzuia.

Wiki iliyofuata mama alinisindikiza shule na ile chupa kaishika mkononi. Mwalimu akataka nihamie kufuta ubao, akakumbuka vumbi la chaki, akanyamaza kidogo. Halafu akanipa ndoo. Kuanzia siku hiyo nawahi kabla ya wenzangu, inhela mfukoni mwa sketi, nanyunyizia maji kwa mkono mchanga wote mpaka kwenye mlingoti, wao wanakuja nyuma yangu na mafagio.