Shangazi yuko kwenye ventileta, na wanataka kumhamisha kesho

Siku ya 9 tangu shangazi awekewe ventileta, ile mashine ya kumsaidia kupumua, jioni, alikuja mtu nisiyemjua na fomu mkononi akaniambia mgonjwa wenu anahamishiwa hospitali nyingine kesho asubuhi, weka saini hapa. Hata hakukaa. Mi nilikuwa nimelala masaa matatu tu, na muda huo nilikuwa naangalia ule mrija unaoingia mdomoni kwa shangazi, umebanwa na plasta mpaka ngozi ya mdomo imekunjamana, na ubavuni una namba, na pale kwenye meno yake namba ilikuwa 21. Nesi mmoja wa zamu ya usiku ndo alinionyesha siku za mwanzo, akasema ukiona hiyo namba imebadilika tuite haraka, mrija utakuwa umetoka kidogo au umezama sana. Tangu hapo kila nikiingia naanza na meno, nikiona 21 ndo napata nguvu ya kumsalimia.

Sikusaini. Naandika haya kwa sababu najua saa hizi kuna mtu amekaa kwenye benchi nje ya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na ameletewa fomu kama ile, na anadhani ana njia mbili tu, asaini au agombane.

Kwanza niseme ukweli, wale watu hawakuwa wabaya. Vitanda vya ICU ni vichache kila mahali, na kuna mgonjwa mwingine yuko chini kule mapokezi anahitaji mashine kama hiyo hiyo, na ana ndugu zake wanalia kama sisi. Halafu kuna kuhamishwa ambako ni kwa faida ya mgonjwa kabisa, kuna sehemu kazi yao ni kumwachisha mtu ventileta taratibu na wanaijua kuliko ICU yenye pilikapilika. Kwa hiyo sikuwahi kusema hahami. Nilichosema, na nilikirudia mpaka nikachoka mwenyewe, ni hiki: "Sijakataa ahamishwe, naomba daktari bingwa anieleze faili likiwa mbele yetu kwa nini iwe kesho na isiwe wiki ijayo, na majibu yaandikwe humo kwenye faili." Yani hiyo sentensi ya mwisho ndo iliyobadilisha mambo. Mtu anaweza kukuambia mgonjwa wenu ametulia akiwa anatembea kwenye korido, ila akiambiwa aiandike na aweke jina lake na saa, anarudi kwanza kuangalia mashine.

Na mashine ilikuwa inasema vingine. Nilikuwa na daftari, kila asubuhi na kila jioni naandika namba, nikianza sikujua hata moja maana yake nini, nikawa nauliza manesi moja moja. Hewa hii tunayovuta mimi na wewe ina oksijeni asilimia 21, namba ileile ya kwenye meno yake, ilinishangaza. Shangazi alikuwa anapewa asilimia 60. Kuna presha nyingine mashine inaibakiza kwenye mapafu ukishatoa pumzi ili vile vifuko vidogo visisinyae, yake ilikuwa 10, na wengi wakikaribia kuachishwa mashine huwa wameshashushwa mpaka 5 hadi 8. Bado alikuwa kwenye noradrenalini, ile dawa inayoingia kwa pampu kushikilia presha ya damu isianguke, na siku ile ile ya fomu dozi ilipandishwa mara mbili. Na figo zilikuwa zimegoma, siku moja anafanyiwa dialisisi, yani kusafishwa damu kwa mashine, siku inayofuata anapumzika. Sasa mtu wa hivyo ukimtoa kitandani ukamweka kwenye machela, ukambadilishia mashine kubwa ukampa ndogo ya safari, ukampakia kwenye gari linalotikisika, kila kitu kinaweza kwenda mrama, mrija unachomoka, presha inashuka, oksijeni inaisha njiani. Wagonjwa mahututi wanasafirishwa kila siku na wanafika salama, lakini wanaofika salama wengi wametulizwa kwanza kabla gari halijawashwa.

Basi nikauliza maswali yangu. Kule anakoenda, daktari gani amempokea, jina lake, na je ameambiwa yote haya au ameambiwa tu kuna mama yuko kwenye ventileta? Usiku kuna daktari pale pale au anaitwa kwa simu? Nesi mmoja anaangalia wagonjwa wangapi? Wanafanya dialisisi kitandani? Kwenye hili la mwisho yule mtu wa fomu akanyamaza kidogo akasema ataulizia.

Kesho yake saa nne asubuhi akarudi na daktari. Dialisisi hawana. Yani shangazi angefika kule, siku inayofuata ndo zamu yake ya kusafishwa damu, na mashine hamna. Ningesaini jioni ile kwa sababu ya aibu na uchovu, na mpaka leo nikiwaza hapo mikono inakuwa ya baridi. Hakuna aliyekusudia, mtu mmoja alijaza fomu, mwingine akapokea simu, na katikati hakuna aliyeuliza kuhusu figo.

Kuna kosa nilifanya na linaniuma. Asubuhi hiyo nilimfokea nesi, tena yule yule aliyenifundisha kusoma mrija. Yeye hakuwa na lolote katika uamuzi ule, na ndiye aliyekuwa anamgeuza shangazi ubavu kila baada ya masaa mawili asipate vidonda, na kuhakikisha kichwa cha kitanda kimeinuka nyuzi 30 na zaidi ili mate na uchafu visiteremke mapafuni. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Ndugu wa mgonjwa tunasahau kwamba sisi tunaenda kulala na wao wanabaki naye.

Nyumbani nako kulikuwa na mvutano. Baba mdogo alikuwa anapiga simu kutoka mbali, mwanangu saini tu, tusiwaudhi madaktari wakamtelekeza mgonjwa wetu. Nikamwambia, "Shikamoo baba mdogo, naelewa hofu yako, ila naomba hili uniachie mimi mpaka kesho jioni, nikishindwa nitakupigia uje uamue." Tukakubaliana awe anaongea mtu mmoja tu na hospitali. Kabla ya hapo daktari alikuwa anasikia kwetu sauti nne tofauti, huyu anataka ahamishwe, huyu anataka arudishwe nyumbani, na familia ya hivyo ni rahisi kupitwa.

Halafu kuna yeye mwenyewe. Alikuwa amelazwa kwa dawa za usingizi, hawezi kusema, na kwenye kikao tulichoomba, kila mtu alikuwa anaongea juu ya kitanda na mapafu na namba. Nikawaambia shangazi, wakati mume wake anaumwa, alinitamkia kwamba mashine haiogopi mradi kuna kinachotafutwa, ila siku ikionekana hakuna kinachotafutwa wasimng'ang'anize. Daktari bingwa aliweka kalamu chini. Ndo mara ya kwanza tukaongea kwa kweli, kinatafutwa nini, kwa siku ngapi, na tutajuaje kwamba tumekipata. Akasema tumpe wiki, maambukizi kwenye mapafu yanaanza kuitikia dawa, na mrija wa mdomoni tuutoe tumwekee wa kwenye koo, trakeostomi, maana ukikaa mdomoni wiki mbili na zaidi unaumiza na unamlazimu kupewa dawa nyingi za usingizi.

Trakeostomi iliniogopesha kuliko vyote, tundu shingoni, nililia chooni. Lakini siku tatu baada ya kuwekewa walipunguza dawa za usingizi na akafumbua macho, akanitafuta kwa macho, na nikaona midomo yake kwa mara ya kwanza bila plasta.

Alihama siku ya 20, na nilisaini bila mtu kunisukuma. Oksijeni ilikuwa asilimia 35, dawa ya presha imeondolewa siku nne nyuma, figo zimeanza kutoa mkojo, na anakoenda wana dialisisi kama itatakiwa. Nilimuuliza yule daktari wa kusafiri naye oksijeni mmepigaje hesabu, hakukasirika, akanionyesha: mtungi una lita kadhaa, mashine inakula lita 10 kwa dakika, safari dakika 40, hiyo ni lita 400, tunaongeza muda wa kupakia na kushusha halafu tunabeba mara mbili. Mfuko wa kuminya kwa mkono ulikuwa umelala juu ya shuka karibu na bega lake. Nikakumbuka nilichosoma usiku mmoja pale benchini, mwaka 1952 Copenhagen kulikuwa na polio, mashine hazitoshi, daktari Bjørn Ibsen akaanzisha njia ya kuwapumulia wagonjwa kwa mfuko kupitia tundu la kooni, na wanafunzi wa udaktari kwa mamia wakakaa kwa zamu usiku na mchana wakiminya. ICU za leo zimetokana na kazi ile. Yani hata umeme ukizima na betri ikiisha, mkono wa mtu unatosha, ili mradi huyo mtu yupo kwenye gari na anajua. Nikauliza atakayeminya nani, nesi akainua mkono.

Kule walianza kumtoa kwenye mashine dakika 30, akachoka, jasho likamtoka, wakamrudisha. Kesho yake dakika 30 tena. Wiki iliyofuata masaa mawili. Leo mchana amemaliza masaa sita bila mashine, miguu bado haina nguvu kabisa na usiku anarudishwa kwenye ventileta, na kwenye daftari langu mstari wa oksijeni ya mchana nimeandika 21.