Barua za Kaka Yake Bibi

Nilipokhitimu msahafu, pale Iringa, bibi hakuchelewa kunitumia. Juni hiyo, baridi imekaza, alitoa sandukuni barua za marehemu kaka yake. "Haya mume wangu, nisomee. Zamani babu yako ndiye aliyenisomea." Zilikuwa za Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu.

Nilikodoa macho. Chuoni tulizoea naskhi, mwandiko wa misahafu: herufi zimetulia, irabu juu na chini, nukta zinahesabika. Hapa sini, herufi ya s, haina meno, ni mstari tu uliolazwa. Nukta mbili zimegeuka kistari, tatu zimekuwa pembe ndogo, na ya nuni, yaani n, imemezwa na mkia wake. Kila neno linateremka kushoto kama lori linaloshuka Kitonga.

"Si umekhitimu wewe?" bibi akauliza.

Tukaenda Miyomboni kwa mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, asili yake Hadhramaut, Yemeni. Nikamwamkia. Akaishika barua, akacheka. "Rukaa hii! Alisomea wapi?"

"Unguja," bibi akajibu, kwa maringo kidogo.

Mzee alieleza kwamba ni mwandiko wa makarani wa dola ya Uthmaniya, ya Waturuki, na kwamba karne ya 19 Mumtaz Efendi ndiye aliyeuwekea kanuni. Kalamu hainyanyuliwi ovyo, kazi inakwenda. Akachana karatasi ya kaki, akaniandikia neno moja kwa naskhi, chini yake kwa rukaa, kwa peni ya kawaida tu. Kwangu mimi ile ya chini ilikuwa nzuri zaidi, ingawa maalimu wangu angeniona nimepotoka.

Kazi hasa ilikuwa Kiswahili chenyewe. Irabu hazikuandikwa, na Kiarabu hakina herufi ya p, kwa hiyo be inabeba b na p, pengine hata mb. Ghaini nayo imebebeshwa g na ng'. Basi mzee anataja herufi, mimi nabahatisha, bibi anahukumu.

"Be, te."

"Bata?"

"Kaka yangu hakufuga bata."

"Pata? Pita?"

"Pata. Endelea."

Mwisho tukaipata: aliomba gunia la maharage, akaahidi kurudisha gunia tupu kwa basi litakalofuata.

"Maharage nilipeleka," bibi akasema. "Gunia sijaliona mpaka leo."

Mzee akavuta stuli, akataka barua ya pili.