Nauza boti ya baba, na ubovu wake nauonyesha kwanza

Boti ya baba inauzwa. Ningeweza kuandika mistari mitatu na picha moja iliyopigwa jioni, ila tangazo fupi la boti kuukuu ya mbao huwa halimwambii mtu kitu. "Inahitaji marekebisho kidogo." Kidogo kiasi gani, na wapi? Mnunuzi anatoka Diani au Malindi kwa nauli yake, anafika, anatia bisibisi kwenye ubao inazama mpaka mpini, anaondoka na hasira. Basi naeleza yote hapa, mtu aje akijua anachokijia.

Inaitwa Tumaini. Imefungwa kwenye boya ndani ya hori ya Mtwapa, upande wa Kilifi, ukishapita daraja kidogo. Urefu wake ni futi 38, upana futi 11, na inazama majini futi tatu na nusu. Ilijengwa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ramani iliyotoka Uingereza na mikono ya mafundi wa hapa hapa. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, na mataruma, mbavu zake, ni mbambakofi. Mbao za ubavuni ni mvule. Sitaha na kibanda ni msaji. Mbele kuna vitanda viwili, halafu jiko dogo, choo, na meza ya kukunja. Nyuma pameachwa wazi kwa viti vya kuvulia. Haikujengwa kwa mizigo wala kwa kuvusha watu. Aliyeijengesha alikuwa mtu wa starehe, akipenda kuvuta nyambo kutafuta sulisuli na nduaro, na kulala baharini siku mbili tatu mpaka Shimoni na mkondo wa Pemba.

Baba aliingia humo kama baharia wa kuosha sitaha, akaja kuwa nahodha. Tajiri wake alipoamua kurudi kwao, alimuuzia boti kwa bei ya kuagana. Tangu hapo Tumaini ndiyo iliyotulisha: wageni wa kuvua msimu wa kaskazi, na wageni wakikosekana, nguru na jodari wa kuuza. Karo yangu ya chuo cha ualimu ilitoka humo. Baba amefariki, sisi warithi tumekwenda Mahakama ya Kadhi, mgawo umetoka, na kila mmoja ametia saini kwamba boti iuzwe. Hakuna ndugu atakayejitokeza baadaye na madai. Nalitaja hili mapema kwa sababu vyombo vingi vilivyotelekezwa kwenye hori hizi havikuuawa na bahari. Viliuawa na mirathi isiyokwisha.

Sasa ubovu.

Boti ya aina hii, ikiwa inaelea na kuangaliwa, huoza zaidi kutoka juu kuliko kutoka chini. Watu wakija kuitazama huinama kuangalia tumbo, na kwa kweli wangeanza na kona za madirisha. Maji ya bahari yana chumvi, na kuvu wa kuozesha mbao hawastawi kwenye chumvi. Adui ni mvua. Tone linapenya kwenye kona ya dirisha, linajificha nyuma ya ubao pasipo hewa, unyevu wa ubao unapita asilimia 20 na kubaki huko mwezi baada ya mwezi, na hapo kuvu wamepata makazi. Ndiyo maana baba alikuwa akimwagia sitaha ndoo za maji ya bahari kila asubuhi. Wageni walidhani anaosha. Alikuwa anaitia chumvi, na pia kuzilowesha mbao zisikauke zikaachana. Miaka ya ugonjwa wake boti ilikaa chini ya turubai, na turubai iliyobana haipitishi hewa. Masika yakaja, yakarudi, yakafanya kazi yake.

Kwa hiyo: kona zote nne za kibanda zimeoza, na ile ya nyuma kushoto ndiyo mbaya zaidi. Darumeti mbili za nyuma, zile boriti zinazobeba sitaha, zimekwisha. Ukikanyaga sitaha hapo unaisikia inabonyea. Ubao wa tezi, ule unaofunga nyuma ya boti, upande wa juu karibu na bomba la moshi, umekuwa kama muhogo uliochemshwa ukapitiliza. Hauzibiki kwa gundi. Unatolewa wote na kuwekwa mwingine.

Chini kuna habari njema na habari ya kati. Tulimwita fundi mzee kutoka Lamu, mtu ambaye ameshika tezo, kile chombo cha kuchongea mbao, tangu utotoni, akaja na nyundo ndogo tu. Bamvua ilipofika, zile siku za maji makubwa, tuliipweleza ufukweni. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo hatukuhitaji winchi wala gari la kuinulia: unaiegemeza kwa magogo maji yakiwa yamejaa, unasubiri yapwe. Alianza omo akaja nyuma, ubao kwa ubao, anagonga na kutega sikio. Mimi nilikuwa nyuma yake na chaki.

"Mwalimu, sikia. Huu unalia." Akagonga mbele kidogo. "Na huu umenyamaza. Ubao ukinyamaza, una neno. Tia alama."

Alama zilikuwa chache kuliko nilivyoogopa. Ubavu wa kulia, mbao mbili karibu na mkuku zimetobolewa na yule mdudu wa baharini ambaye kwa sura ni mnyoo, ingawa kwa ukoo ni ndugu wa chaza. Tundu la kuingilia ni dogo, halionekani ovyo. Ndani amekula njia ndefu zinazofuata nyuzi za mti. Anaingia pale rangi ya chini ilipochubuka. Wazee walimzuia kwa shahamu, ile chokaa iliyosiagwa na mafuta ya mnyama, na kabla ya kupaka walichoma makuti chini ya tumbo la chombo ili aliyemo afe. Siku hizi kuna rangi ya sumu ya madukani. Iwe hii au ile, kinachookoa ni kuipweleza boti na kuipaka kwa wakati wake.

Misumari ya ubavuni ni shaba nyekundu iliyopigwa ncha juu ya kiringi, nayo ni mizima. Boliti za mkuku ni chuma kilichopakwa zinki. Tulichomoa mbili: moja safi, ya pili imelika kiunoni mpaka imebaki nyembamba kama kidole cha mtoto. Anayenunua ahesabu kuzibadilisha zote. Asidanganywe na ile moja safi.

Kalafati, yaani vizibo vya nafasi kati ya mbao, ya chini ya maji inafaa kwa sasa, ila iko ukingoni. Pampu ya ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, inajiwasha yenyewe kwa betri na sola, na huwa inasikika usiku. Mlinzi ninayemlipa anaikagua. Kuna walioniambia niipandishe nchi kavu niepuke gharama hiyo. Fundi alinikataza kabisa, nami nakubaliana naye: mbao za mvule zilizozoea maji zikikaa juani miezi, zinasinyaa, maungo yanafunguka, na siku ya kuirudisha inajaa maji kabla hazijavimba tena. Itapanda nchi kavu siku ile mwenye mbao, pesa na mafundi atakapokuwa tayari kuanza, na iwe chini ya kivuli.

Kwa anayefikiria njia ya mkato ya kuivisha faiba juu ya mbao, naomba asiinunue. Nasema kwa heshima lakini nasema. Mti unavimba na kunywea kadiri ya unyevu, faiba haifanyi hivyo. Zikiachana kidogo tu maji yanakaa katikati, na kinachooza hukioni tena. Utapata boti inayong'aa nje huku mataruma yake yanamalizika kimya kimya.

Mashine ni Perkins 4.236 ya dizeli, mitungi minne, karibu lita 3.9. Iliwekwa miaka mingi baada ya boti kujengwa. Inawaka, inatoa moshi mweupe mwanzoni kisha inatulia. Uzuri wake ni kwamba mashine za ukoo huo zimetumika pia kwenye matrekta ya Massey Ferguson, kwa hiyo pistoni, gasketi na nozeli si taabu kupata Mombasa. Ugumu uko kwenye vitu ambavyo trekta haina: kile kipoza kinachopitisha maji ya bahari, na bomba la moshi lenye koti la maji. Hivyo ni vya kuagiza, na ni ghali. Kipoza chetu kimeshachomelewa, kinahitaji kingine.

Hati za umiliki zipo. Cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya kimekwisha muda, kwa hiyo Tumaini hairuhusiwi kubeba wageni wa kulipa mpaka itengenezwe, ikaguliwe upya na kupewa leseni. Mnunuzi asije akafikiri ataipaka rangi Ijumaa na Jumamosi achukue watalii.

Waliokuja mpaka sasa ni wa aina nyingi. Wapo wa kuandika kwenye simu "bei ya mwisho?" kabla hata ya salamu, hao siwajibu. Alikuja mtu wa hoteli, mpole kweli, akataka kuikata katikati awekee nusu yake ufukweni iwe kaunta ya vinywaji. Akaja mfanyabiashara wa vyuma. Huyo alikuwa na laki sita mkononi, taslimu, zaidi ya bei yetu. Alitaka mashine, rafadha, shafti, usukani wa shaba na madirisha yake ya duara, na mbao, alisema, zitafaa kuni za kuchomea chokaa.

Kaka yangu mkubwa alitaka tuchukue. "Dada, laki sita ni laki sita. Na wewe mwenyewe unalipa mlinzi kila mwezi." Hakusema uongo, na simlaumu, ana watoto shuleni. Tulikaa kikao nyumbani, kila mmoja akatoa lake, na mama alipofikiwa alisema neno moja tu: wenye kuivunja wasirudi. Basi likaisha. Bei ikabaki laki nne na nusu kwa mtu atakayeitengeneza ielee, na inalipwa kwa mafungu mawili: fungu la kwanza siku ya kusaini, la pili boti ikishatiwa kalafati na kurudi majini. Nimependa mpango huu kwa sababu unampunguzia mnunuzi mzigo wakati ule anapohitaji pesa za mbao.

Na mbao ndizo zitakazomla. Fundi alikadiria kazi yote, pamoja na mashine, haitapungua shilingi milioni mbili, na sehemu kubwa ni mvule na msaji. Mvule mkavu, mnyoofu, wa urefu wa kutosha si kitu cha kukuta kila duka. Mimi ni mwalimu mstaafu, sina uwezo huo, wala ndugu zangu hawana. Ningekuwa nao nisingeandika haya.

Mtu mmoja aliniuliza kwa nini najisumbua hivi kwa boti iliyojengewa starehe ya tajiri. Nilimjibu kwamba mikono iliyoijenga ilikuwa yetu. Mafundi wa Mombasa waliochonga mataruma yale kwa tezo, bila mashine ya kukunjia mbao, hawakuacha majina popote. Kazi yao ndiyo saini yao. Na sisi watu wa pwani tumeshapoteza vya kutosha. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba pasipo msumari hata mmoja na kusafiri pwani hii yote kwa karne nyingi, leo hakuna hata mmoja wa asili uliobaki. Ukienda Makumbusho ya Lamu unaonyeshwa vielelezo vidogo, unavizunguka, unabaki kukisia vile vikubwa vilikaaje majini. Naona uchungu nikifikiri kwamba kila mtepe wa mwisho ulikuwa na mwenyewe, na pengine naye alipewa bei nzuri ya kuni.

Ninayemtazamia zaidi kwa sasa ni kijana wa Shimoni anayepeleka wageni Kisite kuangalia pomboo. Alikuja na babu yake, fundi pia, na babu alitumia muda mrefu kwenye ngama kuliko kwenye sitaha, jambo lililonifurahisha. Walipiga picha kila alama ya chaki. Kijana akasema, "Bi Mwalimu, nipe muda nizungumze na watu wa mbao kwanza, nisije nikakuahidi kitu nikashindwa." Nimempa mpaka mwisho wa mwezi. Akirudi na jibu, ni yake. Asiporudi, mlango uko wazi kwa mwingine.

Inauzwa na kila kilichomo: nanga mbili, minyororo, usukani, dira, vifaa vya kalafati vya baba kwenye sanduku lake. Madaftari yake ya safari, alimoandika upepo, mafuta na samaki, yanabaki kwa mama, ila nitampa mnunuzi nakala ya kurasa zote za matengenezo, maana humo mna tarehe ya kila ubao uliobadilishwa na aina ya mti uliotumika.

Tutaipweleza tena bamvua ya mwezi mpya ujao, pale pale ufukweni. Anayetaka kuona tumbo lake afike maji yakiwa yanaanza kupwa, avae viatu vya kuchafuka, na aje na fundi wake mwenyewe. Nyundo na bisibisi ruksa. Atakapotaka kutoboa, atoboe, mimi nitakuwepo kumwonyesha na mahali pengine pa kutoboa.